Uzito Mdogo, Misuli Mikubwa: Hotuba Kuhusu Mazoezi ya Kufunga Mkanda

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu wa mazoezi, wataalamu wa fiziotherapia na wagonjwa wao. Wengi waliokosa kufika wameomba maneno yake, kwa hiyo nayaweka hapa yote kama yalivyosemwa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, mabibi na mabwana, walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Nilikuwa nimesimama pale mlangoni mlipokuwa mkiingia. Nimemwona mzee akipanda ngazi kwa upande, mguu mmoja kwanza, mwingine ukifuata, mkono umeshika ukuta. Nimemwona dada mwenye magongo. Nimewaona na vijana wenye vifua vipana ambao kila jioni wako jimu. Ninyi nyote mna swali moja, ingawa kila mmoja analiuliza kwa sababu yake: inawezekana kujenga misuli bila kunyanyua vyuma vizito?

Jibu langu ni ndiyo, kwa kunyanyua uzito mdogo huku mkanda umefungwa juu ya mkono au paja ili kupunguza damu inayopita. Lakini ndiyo hii ina masharti, na asubuhi hii nitatumia muda mwingi kwenye masharti kuliko kwenye sifa.

Tuanze na shida yenyewe. Sisi walimu wa mazoezi tumefundishwa kwamba msuli ukitakiwa unenepe lazima ulemewe. Kipimo kilichozoeleka ni asilimia 70 au zaidi ya uzito mkubwa kabisa ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja tu. Ni kanuni nzuri, na bado ninaiamini. Sasa niambieni, nani atambebesha asilimia 70 mtu aliyepasuliwa goti wiki tatu zilizopita? Nani atambebesha bibi mwenye yabisi ya magoti? Nani atambebesha mtu ambaye mguu wake umetoka kwenye plasta jana?

Hakuna. Tunawaambia wapumzike. Na wakati wamepumzika, msuli haupumziki nao, unayeyuka. Mguu uliofungwa plasta hupungua paja kwa siku chache tu mpaka jicho linaona. Na hata asiyeumia popote, akishavuka umri wa miaka 30 au 40 huanza kupoteza misuli kidogo kidogo, na kasi huongezeka uzeeni. Anayehitaji misuli zaidi ndiye asiyeweza kubeba uzito unaoijenga. Hilo ndilo fumbo lililonifanya nishike somo hili na nisiliachie.

Njia mojawapo ya kulifumbua ilianzia Japani, na ilianza kwa ganzi.

Mwaka 1966 kijana mmoja aitwaye Yoshiaki Sato alihudhuria ibada ya kumkumbuka marehemu. Alikaa kwa magoti, miguu ameikalia, kama desturi ya kwao inavyotaka, na ibada ilikuwa ndefu. Miguu ikafa ganzi. Alipojinyoosha na kuanza kujikanda vigimbi, alihisi kitu alichokifahamu vizuri: vigimbi vimejaa na vinauma vilevile vinavyouma baada ya mazoezi makali. Wangapi kati yetu tumekufa ganzi miguu tukaamka, tukaikung'uta, tukaenda zetu? Sato alijiuliza: kama kubanwa kwa damu peke yake kunaleta hali hii, je, nikiibana damu huku nafanya mazoezi?

Akaanza kujifunga mipira ya baiskeli, kamba, na mikanda ya kila aina. Mwaka 1973 akaumia kifundo cha mguu na goti akiteleza kwenye theluji, mguu ukatiwa plasta. Akaufunga mkanda juu ya paja, akawa anakaza na kulegeza misuli ndani ya plasta, anaufungua, anaufunga tena, mara kadhaa kila siku. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi madaktari walivyoshangaa plasta ilipotolewa, maana paja halikuwa limekonda kama walivyotarajia. Kutoka hapo ikazaliwa njia aliyoiita Kaatsu. Leo njia hiyo na ndugu zake hutumika na wanamichezo, wanajeshi waliojeruhiwa na wagonjwa wa viungo katika nchi nyingi.

Nitarudi kwa Sato, kwa sababu hadithi yake ina upande wa pili ambao watu hupenda kuuruka.

Sasa, wapendwa, nini hasa hutokea ndani ya mguu? Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu anayeelewa sehemu hii hatajidhuru, na asiyeielewa atakwenda kujifunga kamba kesho asubuhi.

Damu huingia mguuni kwa mishipa ya ateri, iliyo ndani na yenye kuta nene. Hutoka kwa mishipa ya vena, ambayo ni laini na hubanwa kwa urahisi. Mkanda ukifungwa juu kabisa ya paja, au juu ya mkono karibu na bega, kwa shinikizo la wastani, damu inayoingia hupungua lakini haikatiki, na inayotoka huzuiwa karibu yote. Naomba nilirudie hili. Inayoingia hupungua, haikatiki. Mkanda ukiikata kabisa damu inayoingia, hayo si mazoezi tena.

Msuli sasa unafanya kazi ukiwa na hewa ya oksijeni kidogo. Taka za kazi, kama vile lakteti na fosfeti, hazipati njia ya kutoka, zinarundikana. Msuli unajaa majimaji na kuvimba. Ndiyo maana baada ya marudio 20 ya uzito ambao mtoto angeunyanyua, paja linawaka moto.

Na huko kuwaka kuna maana. Katikati ya karne iliyopita, mwanasayansi Elwood Henneman, kwa kuchunguza neva za paka, alionyesha kwamba mwili hauiti nyuzi zote za misuli kwa pamoja. Ni kama nyumba yenye watoto na watu wazima: kazi ndogo ikitokea, hutumwa watoto, na watu wazima huinuka pale tu mzigo unapowashinda wadogo. Nyuzi ndogo, zenye kuchoka polepole, hutangulia. Nyuzi kubwa, zenye nguvu, na ambazo ndizo hunenepa zaidi, huitwa mwisho. Kwa kawaida unaziita kwa uzito mkubwa. Mkanda unaziita kwa njia nyingine. Nyuzi ndogo zinategemea sana oksijeni, na oksijeni ikipungua zinachoka mapema, na kubwa zinalazimika kuingia kazini ingawa uzito ni mdogo.

Kwa hiyo mkanda haujengi msuli. Kazi ndiyo hujenga. Mkanda unaifanya kazi ndogo iufikie msuli kana kwamba ni kubwa.

Kuna waliowahi kusikia habari za homoni ya ukuaji. Ni kweli, mwaka 2000 Yudai Takarada na wenzake waliripoti kwamba baada ya mazoezi ya namna hii homoni hiyo ilipanda kwenye damu mara 290 hivi ya kiwango cha mapumziko. Namba hiyo imeuza mikanda mingi sana. Lakini kupanda kwa homoni kwa dakika chache si ushahidi kwamba homoni hiyo ndiyo iliyonenepesha msuli, na watafiti wengi leo hawaipi uzito waliokuwa wakiipa zamani. Ushahidi wenye nguvu zaidi uko ndani ya msuli wenyewe. Mwaka 2007, Satoshi Fujita na wenzake walipima jinsi misuli ya paja la vijana inavyotengeneza protini. Vijana hao walifanya mazoezi kwa asilimia 20 tu ya uwezo wao wakiwa wamefungwa mikanda, na saa 3 baadaye utengenezaji wa protini ulikuwa umepanda kwa asilimia 46. Uzito uleule bila mkanda haukupandisha kitu. Baadaye watafiti waliwapa watu dawa ya rapamisini, ambayo huzima njia ya mTORC1, ile inayoiamuru chembe ijenge protini. Mazoezi yakafanyika, mikanda ikafungwa, na ongezeko halikuonekana. Hapo ndipo mimi niliposhawishika kwamba tunazungumza juu ya ujenzi halisi, si uvimbe wa muda.

Mnataka kuona ujenzi huo kwa watu wa kawaida? Nitawapa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa wanawake wa makamo na zaidi. Takarada tena, mwaka 2000, aliwafuatilia kwa wiki 16 wakikunja mkono kwa uzito. Kundi moja lilibeba uzito mkubwa, asilimia 80 hivi ya uwezo. Kundi jingine lilibeba uzito mdogo likiwa limefunga mkanda. La tatu lilibeba uzito mdogo bila mkanda. Msuli wa mbele wa mkono ulinenepa kwa asilimia 18 hivi kwa waliobeba uzito mkubwa. Waliobeba mdogo bila mkanda wakapata asilimia 7. Na waliobeba mdogo wakiwa na mkanda? Asilimia 20. Mama aliyebeba kidogo amelingana na mama aliyebeba kingi!

Wa pili ni wa watembeaji, na mimi huu unanigusa kuliko wote. Takashi Abe na wenzake, mwaka 2006, waliwaambia vijana wa kiume watembee tu. Si kukimbia, si kunyanyua. Kutembea kwenye mashine kwa mita 50 kwa dakika, mwendo wa mtu asiye na haraka yoyote. Dakika 2, kupumzika kidogo, dakika 2 tena, mara 5, huku mapaja yamefungwa mikanda. Walifanya hivyo mara mbili kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 3. Mapaja yao yalinenepa kwa asilimia 4 hadi 7, na nguvu zikaongezeka kwa asilimia 8 hadi 10. Waliotembea vilevile bila mikanda hawakupata kitu. Mzee wangu uliyepanda ngazi kwa upande, nimekuwa nikikufikiria wewe nilipokuwa nikiandaa sehemu hii. Kutembea unaweza.

Lakini mahali ambapo njia hii inang'aa kweli, ndugu zangu, ni kwa aliyetoka kupasuliwa. Baada ya operesheni ya kurekebisha ligamenti ya goti, yaani ule ukanda mgumu unaoshikanisha mifupa, paja la mbele huyeyuka haraka mno. Takarada alichukua wagonjwa wa aina hiyo. Siku chache tu baada ya upasuaji, wamelala kitandani, bila zoezi lolote, mkanda ulifungwa pajani kwa dakika 5, ukafunguliwa dakika 3, mara 5, asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili hivi, wagonjwa wasiofungwa walikuwa wamepoteza asilimia 20.7 ya misuli ya mbele ya paja. Waliofungwa walipoteza asilimia 9.4. Hawakujenga, nataka tuelewane vizuri, walipoteza pia. Ila walipoteza chini ya nusu ya walichopoteza wenzao. Muulizeni mtaalamu yeyote wa fiziotherapia aliyeko hapa ni miezi mingapi ya jasho hutumika kuurudisha ule msuli uliopotea katika wiki mbili.

Na mgonjwa akishaanza kuruhusiwa mazoezi, kuna faida ya pili. Mwaka 2019 Luke Hughes na wenzake walilinganisha wagonjwa wa ligamenti ya goti kwa wiki 8: wengine asilimia 70 ya uwezo, wengine asilimia 30 na mkanda. Misuli na nguvu vilikua kwa kiasi kinachokaribiana. Ila waliofunga mkanda waliumwa na goti kidogo kuliko wenzao. Kwa mgonjwa anayeogopa goti lake, kupungua kwa maumivu ndiko kunakomfanya arudi wiki ijayo.

Sasa nageukia vijana wa jimu, na nitasema bila kuzungusha. Wewe mwenye afya, mwenye magoti mazima, unayeweza kubeba uzito mkubwa: beba uzito mkubwa. Tafiti zikikusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kwa unene wa msuli njia hizi mbili zinakaribiana, lakini kwa nguvu, uzito mkubwa unashinda. Na kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mikanda hawalitaji. Mtu akinyanyua uzito mdogo bila mkanda wowote, akaendelea mpaka msuli unakataa kabisa, naye hunenepa. Mkanda unampunguzia idadi ya marudio, unamfikisha kwenye uchovu mapema. Kwa hiyo kwenu ninyi ni nyongeza: mwisho wa mazoezi, au wiki ambayo viungo vimechoka na vyuma vizito, au safarini ambako hakuna vyuma. Mwenye kuacha vyuma kwa sababu ya mkanda amejipunja mwenyewe.

Na asije mtu akadhani hii ni njia ya mkato. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayefunga mkanda atainama kwelikweli. Inawaka. Seti ya tatu, yaani awamu ya tatu ya marudio, inachosha roho.

Inafanywaje? Utaratibu uliochunguzwa zaidi ni huu. Uzito ni asilimia 20 hadi 40 ya uwezo wako. Seti ya kwanza marudio 30, kisha seti tatu za marudio 15 kila moja, jumla 75. Kati ya seti unapumzika sekunde 30 hadi 60 na mkanda unabaki umefungwa. Zoezi likiisha, mkanda unafunguliwa papo hapo. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Mkanda hukaa sehemu mbili tu za mwili: juu ya mkono, na juu ya paja. Haukai juu ya goti, kiwiko, wala kigimbi, na shingoni hata kwa mzaha usitajwe.

Shinikizo ndilo swali ninaloulizwa kila siku: nifunge kwa presha ngapi? Namba moja ya kuwapa wote haipo, na anayekupa namba moja ya watu wote mkimbie. Paja nene linahitaji shinikizo kubwa kuliko jembamba. Mkanda mpana unahitaji shinikizo dogo kuliko mwembamba. Presha yako ya damu nayo ina sauti. Kwa hiyo mtaalamu hupima kwanza: anajaza hewa kwenye mkanda huku akisikiliza mapigo ya ateri kwa kifaa cha dopla, mpaka yanapopotea. Hicho ndicho kikomo chako wewe, kwa mkanda huo, kwa mguu huo. Kisha mazoezi yanafanywa kwa asilimia 40 hadi 80 ya kikomo hicho. Na hakuna ushahidi kwamba kukaza zaidi kunaleta zaidi. Kunaleta maumivu tu, na hatari.

Niliahidi kurudi kwa Sato. Akiwa bado kijana, katikati ya majaribio yale ya kamba na mipira ya baiskeli, alilazwa hospitali kwa donge la damu lililofika mapafuni. Mgunduzi mwenyewe nusura afe kwa ugunduzi wake! Alikuwa akijikaza kupita kiasi, na hakuwepo mtu wa kumpimia. Yeye alikuwa wa kwanza na hakuwa na wa kumuuliza. Wewe unaye.

Je, hatari hiyo ni kubwa kiasi gani mambo yakifanywa na waliofundishwa? Mwaka 2006, Toshiaki Nakajima na wenzake walichapisha uchunguzi wa vituo vya Japani vilivyohudumia watu zaidi ya 12,600. Damu kuganda kwenye vena ilitokea kwa asilimia 0.055. Donge la mapafuni asilimia 0.008. Kuvilia damu chini ya ngozi ndiko kulikokuwa kwingi, asilimia 13 hivi, na ganzi ya muda asilimia 1.3. Hizo ni namba ndogo, na zinatia moyo. Lakini ni namba za watu waliopimwa na kusimamiwa. Si namba za mtu aliyejifunga mshipi wa suruali chumbani.

Kuna tukio ninalolisimulia kwa kila kundi ninalolifundisha. Kijana mmoja aliletwa kwetu siku ya pili baada ya zoezi lake la kwanza la kufunga. Alikuwa mzima, mwenye nguvu, na kwa sababu uzito ulikuwa mdogo aliona ni mchezo, akarudia seti juu ya seti. Mapaja yalikuwa yamevimba, hawezi kukunja goti, na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi. Walimu wenzangu, mkojo wa rangi hiyo baada ya mazoezi, pamoja na maumivu makali ya misuli, maana yake ni kwamba misuli imevunjika na mabaki yake yanapita kwenye figo. Huo si uchovu wa kusubiri upoe, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Alipona. Lakini ndiyo maana mwanafunzi mpya, hata awe bingwa, kwangu huanza kwa seti chache na shinikizo la chini, na wiki ya kwanza haongezi chochote.

Halafu kuna ambao hawafungi kabisa mpaka daktari wao aseme. Aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni. Mwenye presha ya kupanda isiyodhibitiwa. Mjamzito. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya damu miguuni. Mwenye selimundu, na hata mwenye kubeba jeni yake tu bila kuugua, kwa sababu seli zake nyekundu zikikosa oksijeni hubadilika umbo, na oksijeni ndiyo hasa tunayoipunguza hapa. Usione haya kuuliza, na wewe mwalimu usione haya kumrudisha mtu nyumbani. Katika zoezi lenyewe, vidole vikiwa vyeupe au vya buluu, ganzi ikiingia, au maumivu ya kuchoma yakitokea chini ya mkanda penyewe badala ya kwenye msuli unaofanya kazi, fungua. Usimalizie marudio mawili yaliyobaki. Fungua.

Nimeongea vya kutosha, na najua mmekuja kuona. Pale mezani kuna mikanda mitatu ya upana tofauti na kifaa cha dopla. Tutaanza na wataalamu wa fiziotherapia, kila mmoja atafute kikomo cha mguu wa mwenzake kwa mkanda mpana, kisha kwa mwembamba, aandike namba zote mbili. Kabla hamjasimama, fomu za maswali ya afya zinapita sasa hivi kuanzia safu ya nyuma. Atakayejibu ndiyo kwenye swali lolote kati ya sita ya kwanza atakaa nami upande huu, tutazungumza mmoja mmoja, na leo hatafungwa mkanda.